Punda afe, mzigo ni wa nani?

Mwezi huu zamu ya kuandika ni ya sisi wa upande wa Nsambya na Katwe. Kama kawaida tumeandika pamoja, watu sita, simu moja, mabishano mengi. Mada ni uchovu. Siyo ule wa siku moja ambao ukilala unaisha. Tunasema ule ambao unaamka nao.

Tunajua kuna mtu ameshaanza kucheka. Mkimbizi wa Kampala anazungumzia kupumzika? Huku mjini hakuna mgao wa mahindi. Ukikaa Kampala badala ya Nakivale au Kyangwali unahesabiwa kuwa mtu anayejitegemea, ndivyo mpango ulivyo. Landlodi akija mwisho wa mwezi hataki hadithi ya safari yako, anataka pesa yake. Kwa hiyo kupumzika kunaonekana ni kitu cha watu wenye mshahara. Tumeamua kuanzia hapo hapo, kwa sababu hoja hiyo ni ya kweli na anayeiruka anatudanganya.

Wakongomani tuna Kifungu cha 15. Wazee wanakitaja kwa kicheko: kifungu cha katiba ambacho hakuna aliyewahi kukisoma, na kinachosema tu "jitafutie". Tumekulia humo. Waswahili nao wana msemo wao, punda afe mzigo ufike. Tulipokuwa kwenye kikao mmoja wetu akauliza: huo mzigo ni wa nani hasa? Wa kwanza kujibu akasema, "Wa landlodi." Watu wakacheka sana. Wa pili akasema, "Wangu mimi ni wa mfadhili." Hapo kicheko kikapungua.

Tukafanya jambo moja dogo. Kwa wiki moja kila mtu aliandika kwenye daftari saa zote alizofanya kazi, yenye pesa na isiyo na pesa. Hatutaweka madaftari yote hapa, mengine yana mambo ya ndani. Lakini mmoja, dada yetu anayetembeza vitenge, amekubali tuseme Jumanne yake bila kumtaja jina. Saa kumi na nusu alfajiri yuko bombani na jerikani mbili. Anapika uji wa wadogo zake watatu, anawavalisha, anawafikisha shule. Saa mbili yuko barabarani na vitenge begani, Nsambya, Kabalagala, mpaka Kansanga, jicho moja kwa mteja na jicho moja kwa watu wa KCCA, maana kutembeza bila leseni ni kesi, na wakikushika wanabeba mzigo wote. Saa saba anakunja, anakimbilia ofisini kuwa mkalimani mpaka saa kumi na moja. Saa kumi na mbili anafundisha Kiingereza cha wanaoanza, mabenchi ya kanisa, watu kumi na wanane. Saa mbili usiku anapika. Baada ya hapo ni simu: huyu anauliza ofisi inafunguliwa lini, yule mtoto wake ana homa na hajui aende wapi, mwingine amefika leo na yuko steji ya basi na mizigo. Aliweka simu chini saa sita na robo.

Kilichotushangaza siyo saa zenyewe, wengi wetu tuko hivyo. Ni kwamba kwenye daftari lake, mahali tulipoandika "kazi", aliweka vitenge peke yake. Yote mengine aliyaweka chini ya "kusaidia". Kwa hesabu yake yeye, siku hiyo alifanya kazi saa tano.

Hili neno kusaidia, na ndugu yake kujitolea, tuliliongelea muda mrefu. Kiswahili chetu kina ukweli wake: kujitolea kunatoka kwa kujitoa, na mtu akijitoa kila siku inafika siku anatafuta kilichobaki hakioni. Hatusemi kujitolea ni kubaya. Sisi tusingekuwepo bila huko. YARID, ambayo wengi hapa Nsambya wanaijua, ilianzishwa 2007 na vijana wakimbizi wa Kongo, akina Robert Hakiza, na walianza kwa kukusanya vijana kwenye mpira, kisha madarasa ya Kiingereza. Hakuna aliyewalipa kuanza. Lakini mama zetu waliokua wakati wa Zaire wanakumbuka pia salongo ya Mobutu, kazi ya lazima kwa jina la taifa, na wanajua kujitolea kunaweza kuvalishwa nguo ambayo siyo yake. Waganda wana bulungi bwansi: watu wa kijiji wanatoka pamoja, wanalima barabara, wanasafisha kisima. Tofauti tunaiona hapa. Kwenye bulungi bwansi kazi ina mwisho, mnarudi nyumbani, na ile barabara unapita wewe mwenyewe kesho yake. Sisi kisima chetu hakiishi kusafishwa, na mara nyingi ripoti ya kisima inaandikwa na mtu mwingine.

Twende kwenye mwanzo wa 2025, kwa sababu ndio uliotufikisha hapa.

Mwishoni mwa Januari Goma ilishikwa na M23. Katikati ya Februari, Bukavu. Nyinyi mlioko hapa mnajua simu zilikuwaje. Wengine hatukulala wiki nzima, siyo kwa sababu kulikuwa na la kufanya, bali kwa sababu ukilala unaweza kuamka ukute ujumbe wa sauti kutoka kwa mtu ambaye sasa hapatikani. Halafu mchana kazi ikaongezeka, maana watu walianza kufika. Na katika majuma yale yale, tangu tarehe 20 Januari, serikali ya Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake ya nje. Mikataba ya wafanyakazi wengi wa mashirika ikakatika. Maofisa tuliozoea kuwapigia, namba ikawa inaita tu, au anapokea anasema kwa upole, "Samahani, mimi siko tena pale."

Sasa fikiri. Watu wanaohitaji msaada wameongezeka, watu wa kusaidia wamepungua. Ile nafasi katikati ilijazwa na nani? Ilijazwa na kijana mwenye simu ya kioo kilichopasuka, anayejua Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa kidogo na Kiganda cha sokoni. Yeye ndiye alipeleka mama hospitali, akamwandikia mzee barua, akatafutia familia ya watu saba chumba Ndejje. Hakuwa na mkataba wa kukatika, kwa hiyo haukukatika. Aliendelea. Hakuna aliyemwambia aendelee, na hakuna aliyemwambia basi.

Tunataka kukaa kidogo kwenye ukalimani, kwa sababu watu wa nje wanafikiri ni kazi ya kukaa kwenye kiti.

Kanuni ya mkalimani ni kusema "mimi". Mama akisema "walinipiga", wewe husemi "anasema walimpiga". Unasema kwa Kiingereza vilevile alivyosema, mimi, walinipiga. Na ni kanuni nzuri, inamlinda yule mama, maneno yake yanabaki yake. Lakini fanya hesabu ya siku moja. Asubuhi kaka yetu wa miaka 22 ni mama aliyebakwa porini karibu na Masisi. Mchana ni baba asiyejua watoto wake wako nchi gani. Jioni ni mtu anayeulizwa mara ya tatu kwa nini alikimbia. Yote hayo kwa kusema mimi, mimi, mimi. Na mwingine wetu aliwahi kutafsiri habari ya kijiji ambacho ni kijiji chake mwenyewe. Alimaliza mahojiano bila kusema kitu. Alisaini karatasi ya nauli, akashuka, akapanda teksi ya kwenda nyumbani, akapitiliza steji yake, akafika mwisho wa njia.

Kwenye mikutano mikubwa ya kimataifa wakalimani wanakaa wawili katika kibanda na wanapokezana kila baada ya dakika 20 au 30. Siyo kwamba wanadekezwa. Inajulikana kwamba akili ikivuka hapo inaanza kuangusha maneno. Sisi tunafanya saa nne, mara nyingine sita, peke yetu, bila hata maji mezani. Na kinachoweza kuanguka siyo hotuba ya waziri. Ni tarehe ya shambulio, jina la kijiji, mtoto wa kwanza au wa pili. Baadaye familia inaitwa na kuulizwa kwa nini maelezo ya leo hayalingani na ya mwaka jana. Kwa hiyo mkalimani aliyechoka siyo shida ya mkalimani peke yake. Tunaomba maofisa msome sentensi hiyo mara mbili.

Mwili nao una hesabu yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa matokeo ya uchunguzi wao: mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko kwenye hatari ya kiharusi kubwa kwa karibu asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukimlinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40. Walikadiria kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na magonjwa ya moyo yaliyotokana na saa nyingi za kazi. Tuliposoma hiyo, mmoja wetu alifunga daftari lake akaliweka chini ya mkeka. Hakutaka kujumlisha.

Kuna kingine kutoka kwa hao wa Shirika la Afya Duniani, cha 2019, ambacho kilitugusa zaidi. Walieleza kuungua kwa mtu kazini, wakasema siyo ugonjwa wenyewe bali ni hali inayotokana na kazi iliyomzidi mtu kwa muda mrefu, na ina dalili tatu. Nguvu zinaisha. Unaona kazi yako haina faida tena. Na ile ya katikati, ambayo sisi tuliijua kabla haijamalizwa kusomwa: moyo unakuwa mbali na kazi, unaanza kuidharau. Kwetu sisi kazi ni watu. Kwa hiyo inakuwa hivi: mama anaanza kulia na wewe unaangalia saa. Unasema moyoni, huyu naye. Simu ikiita na ukaona ni namba ngeni, unakasirika kabla ya kupokea. Vijana wengi wakifika hapo wanafikiri wamekuwa watu wabaya, kwamba Kampala imewaharibu roho. Dada mmoja alienda kuombewa kwa ajili ya hilo. Maombi ni mazuri, hatuyapingi, lakini yalikuwa ya kesha, usiku mzima wa Ijumaa, na Jumamosi asubuhi alikuwa na darasa la kufundisha.

Sheria inasemaje? Tutapita haraka, maana wengi hamjui kwamba inawahusu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa haki ya kufanya kazi. Sheria ya Ajira, nayo ya 2006, inasema wiki ya kazi ya kawaida isizidi saa 48, na hata mkikubaliana kuongeza, kwa kawaida isivuke saa 10 kwa siku au 56 kwa wiki, na zile za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Mwajiri hawezi kukulazimisha kufanya kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku ya kupumzika. Kuna likizo yenye malipo, siku 7 kwa kila miezi minne, kwa aliyekaa kazini muda unaotakiwa. Na sikilizeni hili, nyinyi wa saluni, wa maduka, wa mahoteli: mkataba unaweza kuwa wa mdomo. Bosi akikuambia "hatujaandikiana, huna haki", siyo kweli. Ofisa wa kazi wa serikali anapokea malalamiko. Tunajua kwenda kwake kuna woga wake, hatutawadanganya. Mmoja wetu alifanya kazi kwenye mgahawa miezi minane bila siku hata moja ya kupumzika. Siku alipotaja sheria hiyo alipewa Jumapili. Mwezi uliofuata akaambiwa wateja wamepungua. Alipata siku saba zote za kupumzika.

Lakini sheria hiyo inamtazama mwajiriwa. Anayejitolea anabaki nje ya geti. Ndiyo maana sisi tulilazimika kujitungia yetu.

Tulianza vibaya kidogo, kwa maneno makubwa. Tukasema kila mtu apumzike Jumapili. Dada wa vitenge akasimama, akasema, "Jumapili baada ya ibada ndiyo siku yangu ya kuuza. Mkinikataza, kodi mtalipa nyinyi?" Hakuna aliyejibu, kwa sababu jibu lilikuwa hapana. Halafu wenzetu Wasabato wakasema siku yao ni Jumamosi, Waislamu wakasema na Ijumaa je. Kaka mmoja akasema Jumapili yeye ndiyo anachoka kuliko siku zote: kwaya, vyombo, kupanga viti, mkutano wa vijana, kumsindikiza mchungaji. Tukaona siku moja ya wote haiwezekani, na kumwambia mtu maskini "pumzika" bila kitu mkononi ni matusi tu.

Iliyofanya kazi ilitoka kwa akina dada wenyewe, siyo kwa kikao. Wote mnaijua likelemba. Wao walikuwa na yao ya kawaida ya mtaji. Wakaanzisha ya pili, ndogo. Wako saba. Kila Jumatatu jioni kila mmoja anatoa shilingi 3,000, zinakuwa 21,000, ambazo kwa mtembeza vitenge ni siku nzuri. Anayepokea ana sharti moja tu: siku atakayoichagua wiki hiyo, hatembezi. Akionekana barabarani na kitenge begani anarudisha pesa yote. Siyo pesa ya mtaji, siyo pesa ya shule. Wanaiita pesa ya kulala.

Mambo waliyofanya siku hizo tuliyasikiliza kama hadithi. Wa kwanza alilala mpaka saa sita mchana, watoto wakaenda kuita jirani wakidhani mama yao ni mgonjwa. Wa pili alifua nguo za nyumba nzima siku nzima, na kikundi kikabishana kama hiyo inahesabika kupumzika au ni faini. Wa tatu alipanda teksi ya Ggaba akaenda kuangalia ziwa. Yuko Kampala miaka sita, hajawahi kuliona Nalubaale isipokuwa kwenye samaki. Alikaa pale jiweni, akala mhogo wa kukaanga, akarudi. Tulimwuliza ilikuwaje. Akasema, "Upepo."

Isionekane kwamba mambo ni mazuri. Shule zilipofungua muhula likelemba ilisimama wiki tatu, kila shilingi ilienda kwa ada na madaftari. Wakaianza tena wakiwa watano. Wawili hawajarudi, na mmoja wa hao wawili ndiye aliyechoka kuliko wote. Sasa amepungua, anasema ni malaria, amepima mara mbili na siyo malaria. Hatujui namna ya kumrudisha. Mwenye wazo atuandikie.

Kaka zetu, hapa kuna aya yenu. Kwenye madaftari ya wavulana tuliona kitu: kuna saa zimeandikwa "kupumzika" kati ya saa moja na saa tatu usiku. Kwenye madaftari ya wasichana, muda ule ule, hakuna aliyeandika neno hilo hata siku moja. Muda huo wanawasha sigiri, wanachagua maharage, wanaosha watoto. Kaka anapumzika kwa kupikiwa na dada ambaye naye ametoka kazini. Tulipoisoma kwa sauti, kaka mmoja akasema kwao mwanaume haingii jikoni. Tukamwuliza, Kampala una jikoni gani? Ni chumba kimoja, sigiri iko mlangoni, ukitoka nje umeshapita jikoni. Siku hizi anapika Jumatano. Posho yake ina mabonge, lakini inaliwa.

Kwa nyinyi wa mashirika. Tunajua nanyi mmechoka, tunawaona. Mmoja wenu alisinzia katikati ya mahojiano na mkalimani wetu akanyamaza dakika mbili ili alale. Hatuandiki kuwashitaki. Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji bajeti. Mkipiga simu saa tatu usiku kusema "kesho saa moja uwe hapa", mjue mtu huyo ana wadogo wa kuvalisha na mzigo wa kuchukua mjini. Piga mchana wa siku iliyotangulia. Sema mahojiano yatakuwa saa ngapi, na ikipita hapo uliza, usiendelee tu. Kesi nzito ikiisha, kaeni na mkalimani dakika kumi kabla hajasaini karatasi, mwulize imemkaaje. Wekeni wawili inapowezekana. Nauli ilipwe siku hiyo hiyo, kwa sababu kuidai nayo ni kazi, tena ya aibu. Na zaidi ya yote, mtu akisema "leo siwezi", asifutwe kwenye orodha. Hili ndilo linalotuumiza. Wengi wetu hatusemi ndiyo kwa sababu tuna nguvu. Tunasema ndiyo kwa sababu tunaogopa kwamba hapana ya leo itakumbukwa siku ya mafunzo, siku ya barua ya ushuhuda, siku nafasi moja yenye mshahara ikitokea. Labda hamfanyi hivyo. Basi semeni kwa mdomo kwamba hamfanyi, maana huku mtaani inaaminika kwamba mnafanya.

Na sisi kwa sisi tumejifunza kusema hapana yenye njia. Siyo kuzima simu na kupotea. Tumeandika ujumbe mfupi, yeyote anaweza kuunakili: "Asante kwa kunitafuta. Leo siko kazini. Kama ni hatari ya maisha, nenda hospitali iliyo karibu sasa hivi, usinisubiri mimi. Kama inaweza kungoja, mpigie wa zamu kwa namba hii, au niandikie kesho baada ya saa tatu." Mara ya kwanza kuutuma mkono unatetemeka. Mama mmoja aliupokea, akajibu kwa sauti, "Sawa mwanangu, lala." Aliyeutuma alituletea ile sauti tuisikilize wote.

Namba ya zamu ni laini moja ya kikundi, inakaa kwa mtu mmoja siku tatu, kisha inahama. Akimaliza siku zake tatu hashikwi na mtu siku inayofuata. Salio linatoka kwenye mchango wetu wa mwezi. Imepunguza kitu: zamani mtu mmoja mwenye shida alipigia watu wanne, na wote wanne wakaamka.

Linalobaki ni usiku. Wapo wanaotaka laini ya zamu ifungwe saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Wanasema hospitali ziko wazi bila sisi, na mtu wa zamu lazima alale. Wapo wanaokataa kabisa. Wana watu Goma, Minova, Uvira, na wanajua simu za aina hiyo hazichagui saa. Kaka mmoja alisema yeye hata ikifungwa ataiweka chini ya mto wake ikiwa wazi, kwa hiyo heri tusidanganyane. Dada wa vitenge, ambaye zamu yake inaanza Alhamisi, alimjibu kwamba yeye pia ana watu kule, ana simu yake kwa ajili ya hao, lakini laini ya kikundi siyo mahali pa kuwasubiria wote wa Kongo.

Tutapiga kura Jumamosi hii saa kumi jioni, pale pale kwenye mabenchi. Njooni na mkeka, viti havitoshi. Kikao ni saa moja na nusu, tumeandika muda na tutaufuata. Baada ya hapo kuna mpira.